Kilichookolewa na kilichoachwa: kisa cha karakana ya bodi za magari Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Kazi yangu ni kushauri biashara zilizolemewa na madeni, nyingi zikiwa za hapa Mombasa. Kisa hiki nilikishiriki mwenyewe, nikiwa nimeitwa na wafanyakazi. Majina ya karakana, mwenyewe, benki na taasisi ya umma iliyohusika nimeyaficha. Tarakimu za fedha nimezisogeza kidogo bila kuharibu uwiano wake.

Nakiandika kwa sababu kila kiwanda cha magari kinapoyumba, iwe Detroit kule Marekani au Changamwe hapa Mombasa, swali huulizwa lile lile: serikali itoe pesa ikiokoe, au ikiache kife? Watu hujibu upesi, kila mmoja kwa upande wake. Mimi nilitumia miezi tisa ndani ya karakana moja nikitafuta jibu, na nikaona kwamba "kiwanda" ni mzigo wa vitu vingi vilivyofungwa kwa kamba moja. Kuna mikono ya mafundi, kuna mashine, kuna imani ya wateja, kuna madeni ya zamani, kuna hisa za mwenyewe. Anayetaka kuokoa sharti aikate kamba kwanza, aone ni kipi anakibeba.

Usuli

Karakana ilianzishwa miaka ya 1980 kwenye kiwanja cha ekari mbili eneo la Changamwe. Mteja huja na chesisi tupu, yaani fremu, injini, magurudumu na kiti cha dereva, naye hujengewa juu yake anachotaka: bodi ya lori, tangi la maji, matatu ya viti 33, basi. Trela zilijengwa hapo hapo tangu chuma cha kwanza. Mwaka 2016 karakana ilikuwa na wafanyakazi 118, na hapo simhesabu mama wa mahamri aliyekuwa langoni kila alfajiri, wala vijana wa mikokoteni waliobeba mbao, wala fundi wa viti wa Jomvu ambaye robo tatu ya kazi yake ilitoka hapo.

Sekta hii haijawahi kuishi mbali na mkono wa serikali, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kusema serikali "isiingilie". Viwanda vyetu vya kuunganisha magari, cha Miritini hapa Mombasa, cha Thika na cha Nairobi, vilianzishwa miaka ya 1970 serikali ikiwa na hisa ndani yake. Wakati wa kisa hiki gari zima lililotoka nje lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ilhali sehemu za gari lililofunguliwa ili liunganishwe hapa ziliingia bila ushuru huo. Magari ya mitumba yanayoshuka bandarini yana sharti la kutozidi umri wa miaka minane. Bodi za magari ya abiria nazo zina kiwango chake, KS 372, kinachosema nguzo za paa ziweje, viti vifungwe vipi, mlango wa dharura uwe wapi.

Kiwango hicho ndicho kilichomfanya mwenye karakana akope. Mwaka 2016 alichukua shilingi milioni 64 benki, akaweka rehani kiwanja, akanunua mashine ya kukunja mabati na kujenga chumba cha kupulizia rangi. Uamuzi wenyewe haukuwa wa kipumbavu. Aliona kwamba karakana za kubahatisha zitafungwa na kazi itamjia yeye. Hesabu yake ilisimama juu ya trela tisa kwa mwezi.

Yaliyotokea

Januari 2018 treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kazi, na makontena yakaanza kuondoka bandarini bila kugusa barabara. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote ya kwenda bara ipande treni. Mombasa iliandamana, agizo likasitishwa, lakini mwenye lori haagizi trela mpya kwa kutumaini kwamba agizo halitarudi. Kufikia mwisho wa mwaka ule karakana ilikuwa ikitoa trela mbili kwa mwezi, na mwezi mwingine haitoi hata moja.

Katikati ya ukame huo ilikuja kazi iliyoonekana kama mvua. Taasisi moja ya umma iliagiza bodi 14 za malori ya taka. Zilijengwa, zikakaguliwa, zikapokewa. Deni la milioni 31 likaandikwa kwenye vitabu, na likabaki humo.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba wanane tu. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, hakuna kutoka wala kuingia, Kilifi na Kwale hadi Juni, Mombasa hadi Julai. Hakuna aliyeagiza bodi ya matatu.

Kosa kubwa, lile lililokaribia kuua kila kitu, lilikuwa limeshafanyika kimyakimya kabla ya korona. Kwa desturi ya kazi hii mteja hulipa arubuni, kama theluthi ya bei, ili chuma, vioo na rangi ya gari lake vinunuliwe. Kuanzia katikati ya 2019 arubuni za wateja wapya zilikuwa zikilipa mishahara na riba ya benki. Chuma cha gari la Januari kilinunuliwa kwa arubuni ya mteja wa Aprili. Waswahili wana msemo wa kukopa harusi na kulipa matanga. Sijauona ukitimia waziwazi namna ile.

Niliitwa Oktoba 2020. Wafanyakazi 92 waliobaki kwenye daftari walikuwa wakipata nusu mshahara, na si kila mwezi. Madeni tuliyoyakusanya yalikuwa hivi: benki milioni 52, wauzaji wa chuma, rangi, vioo na viti milioni 23, arubuni za wateja 11 milioni 14, malimbikizo ya mishahara milioni 9, kodi na michango ya wafanyakazi milioni 8. Jumla milioni 106. Kiwanja kilikuwa na thamani, mashine zilikuwa nzuri, na taasisi ya umma ilikuwa inadaiwa zile milioni 31.

Kikao cha Jumamosi

Kikao cha kwanza kilifanyika ndani ya karakana, Jumamosi asubuhi. Mwenyewe, mzee wa miaka sabini na ushei, alikuja na barua aliyotaka tuipeleke serikalini: aliomba milioni 80, mkopo au ruzuku, "kama wanavyofanyiwa wenzetu Marekani."

Fundi mkuu, ambaye karakana nzima humwita Ami, hakujibu. Aliingia kwenye kibanda cha bati akatoka na daftari la jalada jeusi, lenye alama za vidole za grisi kila ukurasa. Lilikuwa daftari la arubuni. Aliandika mwenyewe kila chesisi iliyoingia, tarehe, pesa iliyolipwa, na mbele yake alama: tiki kama chuma chake kimenunuliwa, duara tupu kama bado. Duara zilikuwa tisa.

Mbele yetu, kwenye jua, zilisimama chesisi zenyewe. Moja ilikuwa ya mama mmoja wa ng'ambo ya feri, aliyeuza sehemu ya shamba la minazi la urithi ili aingie biashara ya matatu. Fremu ilikuwa imeanza kutu kwenye viungio, na paka alikuwa amezalia chini ya kiti cha dereva. Mama huyo alikuwepo kikaoni. Alikuwa akija kila Jumamosi.

"Mzee," alisema, "mimi sidai riba wala fidia. Nataka gari langu."

"Mwanangu, serikali ikitusaidia utalipata."

"Na isiposaidia?"

Mzee alinyamaza, nasi tukanyamaza pamoja naye. Kwangu mimi hapo ndipo kazi ilipoanza. Milioni 80 zikija leo, nilijiuliza, zitamfikia nani kwanza? Kwa jinsi vitabu vilivyokaa, benki ingechukua chake, wauzaji wenye kelele wangefuata, na mama wa ng'ambo angekuwa wa mwisho kwenye foleni.

Maamuzi na sababu zake

Meza ilikuwa na mapendekezo matatu. Mzee alitaka msaada wa serikali na kila kitu kibaki kilivyo. Vijana wa karakana walitaka serikali, ya kaunti au ya taifa, ichukue hisa. Benki ilikuwa tayari imeandaa ilani ya miezi mitatu ambayo sheria ya ardhi inaidai kabla ya rehani kuelekea mnadani.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kubadilisha barua. Niliwashauri tusiombe msaada, tudai deni. Milioni 31 kati ya shimo lile zilichimbwa na taasisi ya umma yenyewe. Kuomba kuokolewa na mtu anayekudai ni jambo moja. Kuomba kuokolewa na mtu unayemdai ni kumsamehe deni kisha kumpigia magoti. Barua mpya iliambatishwa hati 14 za kupokea malori, kila moja na sahihi na muhuri. Haikutaja korona wala Marekani.

Uamuzi wa pili ulihusu kiwanja. Nusu yake ilikuwa wazi, ikitumika kuegesha chesisi. Tuliishawishi benki iruhusu kiwanja kigawanywe, nusu iuzwe kwa hiari, kuliko kupeleka chote mnadani katikati ya korona ambapo wanunuzi walikuwa wakinusa bei ya kutupa. Benki ilikubali kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya pesa iende kwake. Nasi tukaweka letu: iachie mashine, zisiwe tena chini ya dhamana yake.

Uamuzi wa tatu ndio ulionigusa zaidi, kwa sababu walioamua walikuwa watu wa mshahara mdogo. Mafundi walikuwa na chama chao cha akiba na mikopo. Mzee aliwaomba wamkopeshe. Chama cha namna hiyo hukopesha wanachama wake, hakikopeshi mwajiri, na ni vizuri kiwe hivyo. Baada ya mikutano mitatu mirefu wanachama 40 walikubali kila mmoja akope shilingi 150,000 kwa jina lake, jumla milioni 6, pesa hizo ziingie karakana kupitia wakfu wao. Mchomeleaji mmoja aliniuliza faraghani, "Kaka, hii ikipotea mimi nitamwambia nini mke wangu?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwambia asitie sahihi mpaka masharti yaandikwe.

Masharti yaliandikwa. Pesa hizo zitanunua vifaa vya magari yenye duara kwenye daftari la Ami, na hazitalipa deni la zamani hata senti. Mashine ya kukunja mabati itakuwa dhamana yao, isajiliwe kwa sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika. Arubuni zote mpya zitakaa kwenye akaunti yake peke yake, na mwakilishi wa mafundi ataweka sahihi ya pili. Asilimia 35 ya hisa zitaenda kwa wakfu wa wafanyakazi. Na mzee arudishe pesa alizojitolea kama faida mwaka 2019, milioni 4 na nusu, wakati ambapo duara za kwanza zilikuwa zimeshaonekana daftarini.

Sharti hilo la mwisho lilikaribia kuvunja kila kitu. Mzee aliona ni kudhalilishwa mbele ya watu aliowafundisha kazi. Hatimaye aliuza gari lake akarudisha milioni 2, na mengine akaandikiana kuyalipa polepole. Nilimheshimu sana siku ile.

Uamuzi wa nne ulikuwa mchungu. Kati ya wafanyakazi 92, kazi iliyobaki ilitosha 47.

Matokeo

Nusu ya kiwanja iliuzwa Aprili 2021 kwa milioni 38. Benki ilipata 30, na 22 zilizobaki zikapangiwa miaka sita. Milioni 8 zilienda kwa waliopunguzwa kazini: sheria ya ajira inadai siku zisizopungua 15 za mshahara kwa kila mwaka aliofanya mtu, na pesa zilitosha kwa taabu.

Juni 2021 taasisi ya umma ililipa milioni 22 kati ya 31. Kodi na michango ililipwa, malimbikizo ya mishahara yakalipwa, milioni 5 zikaenda kwa wauzaji. Wauzaji hao walikubali kupoteza asilimia 40 ya kilichobaki. Sikubali kuuita mpango huo haki kwa wote. Muuza mbao mmoja mdogo wa Mikindani, asiye na mtaji wa kusubiri, alifunga kibanda chake mwaka huo huo.

Wateja tisa kati ya 11 walipata magari yao. Wawili walirudishiwa pesa kwa mafungu. Gari la mama wa ng'ambo lilitoka Machi 2021, la pili kwenye orodha, na siku hiyo Ami alifuta duara lake kwa kidole chenye mate kisha akaweka tiki kwa kalamu nyekundu.

Septemba 2022 serikali mpya ilitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa, na maombi ya trela yakaanza kurudi. Mwaka 2023 karakana ilikuwa na watu 63. Mafundi 40 walikuwa wameshalipa mikopo yao yote.

Uchambuzi: kilichofaa

Mzee hakukosea kutaja Marekani. Alikosea kuhusu kilichofanyika kule.

Desemba 2008 Rais George W. Bush alitoa mikopo ya dharura ya dola bilioni 17.4 kwa kampuni za magari za General Motors (GM) na Chrysler, na Barack Obama alipoingia aliendeleza. Wengi hukumbuka hapo tu: serikali ilitoa pesa. Ila Machi 2009 mkuu wa GM, Rick Wagoner, aliondolewa kwa shinikizo la serikali. Chrysler iliingia ufilisi Aprili, GM ikafuata tarehe 1 Juni. Wenye hisa za zamani za GM walipoteza kila kitu. Wadai wasio na dhamana walipewa hisa asilimia 10 za kampuni mpya. Mfuko wa matibabu ya wastaafu ulipata asilimia 17.5, na serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 61. Ilipouza hisa zake za mwisho Desemba 2013, ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10 kwenye GM peke yake. Viwanda vilifungwa, wauzaji wengi wa magari wakanyang'anywa uwakala. Kilichookolewa kilikuwa kazi. Hisa ziliachwa zizame.

Jambo moja la mwaka ule halisemwi sana, na kwangu ndilo muhimu kuliko yote. Machi 2009 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itasimamia waranti za magari ya GM na Chrysler. Kwa nini? Kwa sababu mtu hanunui gari kwa kampuni ambayo huenda kesho haipo. Gari likiharibika atamlilia nani? Hofu hiyo ikianza, kampuni inakufa hata kama imepewa pesa, maana wateja wameshakimbia. Waranti ya Detroit na arubuni ya Changamwe ni kitu kimoja. Akaunti ya sahihi mbili ilirudisha wateja kuliko tangazo lolote ambalo karakana ingelipia. Matatu za kwanza kuagizwa baada ya hapo ziliagizwa na jamaa wa mama wa ng'ambo, waliosikia kwake kwamba pesa haishikwi na mtu mmoja tena.

Jambo la pili lililofaa lilitoka mahali ambapo sikupatarajia. Karakana nyingine mbili za eneo hilo, washindani kabisa, zilitia sahihi barua ya kudai deni. Nilimuuliza mmoja wa wenyewe sababu. Akasema fundi wa viti wa Jomvu na muuza vioo wanahudumia karakana zote tatu. Hii ikianguka ghafla, hao wawili wanaanguka, na yeye atapata wapi viti kwa bei ile? Mkuu wa Ford, Alan Mulally, alisema jambo la namna hiyo mbele ya Bunge la Marekani mwaka 2008. Ford haikuchukua pesa zile za uokozi, kwa kuwa ilishakopa zaidi ya dola bilioni 23 mwaka 2006 kwa kuweka rehani karibu kila ilichokuwa nacho. Hata hivyo iliunga mkono wenzake wasaidiwe, kwa sababu wauza vipuri ni wale wale.

Hapa ndipo naachana na wanaosema kampuni ikishindwa iachwe ife, soko litajua. Duka la nguo likifa, wateja huenda la jirani. Kiwanda cha magari kikifa ghafla hufa pamoja na wanaokilisha, na wanaokilisha wakifa huwavuta wazima. Hiyo ndiyo sababu halali ya serikali kuingia: kupunguza kasi ya kuanguka, ili kilicho kizima kitenganishwe na kilichooza.

Uchambuzi: pale ambapo pesa peke yake hushindwa

Wanaopinga uokozi nao wana hoja nzito, na mfano wao mkali ni kiwanda cha magari cha Longbridge, Uingereza. British Leyland, kampuni iliyokuwa na kiwanda hicho, ilichukuliwa na serikali mwaka 1975 na kulishwa mabilioni ya pauni kwa miaka. Warithi wake, MG Rover, walianguka Aprili 2005, na watu kama 6,000 wakakosa kazi. Ripoti ya serikali ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba wakubwa watano wa kampuni walikuwa wamejipatia takriban pauni milioni 42 katika miaka ya mwisho. Nilipokuwa nikisisitiza mzee arudishe milioni 4 na nusu, Longbridge ndiyo iliyokuwa akilini mwangu. Kiasi kile hakikuweza kujaza shimo la milioni 106. Lakini huwezi kumwomba mchomeleaji aweke 150,000 zake huku aliyechota kwenye kisima kinachokauka ameachiwa alichochota.

Na kwa serikali hoja hiyo ni kali zaidi, kwa kuwa pesa ya serikali ni ya mchomeleaji vilevile. Kila kiberiti, kila lita ya petroli, kila muamala wa simu una kodi ndani yake. Mama wa mahamri analipa. Serikali ikitoa milioni 80 bila kumwondolea mwenye hisa hata moja, imemtoza mama wa mahamri ili kulinda mali ya aliyemzidi. Sioni namna ya kulitetea hilo.

Ufaransa mwaka 2014 ilikuwa na busara zaidi. Peugeot ilipoyumba, serikali na kampuni ya Dongfeng ya China ziliweka kila moja euro milioni 800 na kuchukua asilimia 14 ya hisa. Familia ya Peugeot, iliyoitawala kampuni kwa vizazi, ilishuka ikawa sawa na hao wawili. Pesa iliingia, mamlaka yakahama. Asilimia 35 za mafundi wa Changamwe zilifuata njia hiyo hiyo kwa udogo wake.

Uchambuzi: tulipokosea

Tulikosea wapi? Kwanza, kwenye orodha ya waliopunguzwa. Tulitumia hesabu ya mishahara: wenye mishahara mikubwa watoke, akiba ipatikane upesi. Karatasi ilipendeza. Mmoja wa waliotoka alikuwa mzee mpole, mshahara wake wa tatu kwa ukubwa karakanani, ambaye kazi yake iliandikwa "msaidizi wa trela". Miezi minne baadaye trela mbili mpya zilirudi. Matairi yalikuwa yameliwa upande wa ndani, laini kama yai, upande wa nje mpira bado una nywele zake za kiwandani. Ekseli zilikuwa zimekaa mshazari kwa tofauti ambayo jicho halioni. Yule mzee alikuwa akizipanga kwa uzi wa kuvulia samaki na timazi, akipima kutoka pini ya mbele hadi kila ncha ya ekseli, na hakuna aliyekuwa ameuliza anafanya nini. Matairi 24 tulilipa sisi. Nilipaswa kumuuliza Ami kila jina kwenye orodha ile, na sikumuuliza. Nasema iokolewe kazi. Basi sharti mtu ajue kazi iko mikononi mwa nani.

Pili, tulichelewa kuwaambia wauzaji wadogo. Tuliwaita kikaoni mwezi wa nne wa mazungumzo, wakati wakubwa walishajipanga. Kama tungewalipa kwanza wale wanaodai chini ya shilingi 200,000, gharama ingekuwa kama milioni 1 na nusu, na kibanda cha Mikindani pengine kingekuwepo. Marekani ilitenga mpango maalumu wa dola bilioni 5 kwa ajili ya wauza vipuri mwaka 2009. Kwa kipimo chetu kidogo tulikuwa na nafasi ya kufanya vivyo hivyo tukaipitisha.

Tatu, tuliitegemea mno nusu ya kiwanja. Biashara nyingi hazina ardhi ya kuuza, na anayesoma kisa hiki asidhani njia yetu inafaa kila mahali. Bila kile kiwanja ningependekeza usimamizi chini ya sheria ya ufilisi ya 2015, ambayo huwazuia wadai kwa muda huku msimamizi akitafuta namna ya kuiendesha kampuni. Na hapo serikali ingekuwa na nafasi halali ya kudhamini, kwa mfano kupitia mpango wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo ulioanzishwa Desemba 2020 pamoja na benki saba. Dhamana yenye masharti, iliyofungwa kwenye arubuni na mishahara, ningeiunga mkono bila kusita.

Nne, na hapa namlaumu aliyekuwa na uwezo kuliko sisi sote. Lile deni la malori ya taka lingelipwa ndani ya siku 90, duara za daftarini zingekuwa mbili au tatu. Agizo la mizigo lingetolewa pamoja na muda wa watu kujiandaa, mzee angepata wakati wa kuibadilisha hesabu yake ya trela tisa. Ninapoulizwa kama serikali iokoe viwanda vya magari, huanza hapo: ilipe ilichonunua, na isibadilishe barabara usiku watu wamelala. Ikishafanya hayo, tuje kwenye meza ya uokozi tukiwa na daftari la arubuni mkononi.

Hali ilivyo sasa

Yule mzee wa uzi na timazi alirudi, siku mbili kwa wiki, kwa malipo ya siku. Vijana wawili wanamshikia uzi na wameanza kupima wenyewe. Mzee mwenye karakana huja Ijumaa baada ya swala, hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na chumba cha rangi, hatii sahihi chochote. Milioni 9 zilizobaki za taasisi ya umma bado hazijalipwa. Barua ya sita niliipeleka kwa mkono. Karani aliipiga muhuri wa kupokelewa, akanirudishia nakala, nami nikaipeleka kwa Ami akaibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari jeusi, mbele yake duara tupu.